Pindo la Watu wa Zohali

Tabasamu lenyewe lilikuwa la sekunde tatu tu. Nyanzobe Gulaka alilisimamisha kwenye kioo cha meza yake ya uhariri, akalirudisha nyuma, akalisimamisha tena. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, koti jeupe la kidaktari, anatabasamu mpaka jino la mwisho linaonekana. Picha ile ilipigwa kwa ajili ya sehemu ya nne ya tamthilia ya Watu wa Zohali, pale Daktari Zaina alipozalisha mtoto wa kwanza kuzaliwa nje ya dunia. Lakini mahali lilipokaa sasa ni sehemu ya kumi na tisa, sekunde moja baada ya Daktari Zaina kufunga mlango wa chuma na kuwaacha watu sita wafe kwa kukosa hewa upande wa pili.

Mtu anafunga mlango, watu wanakufa, halafu anatabasamu. Utamwitaje mtu huyo? Nchi nzima ilimwita msaliti.

Haikuwa hivyo tamthilia ilipoonyeshwa mara ya kwanza. Mwanzoni Kamanda Jabali, mkuu wa kituo kilichozunguka Zohali, alimpigia kelele daktari wake: "Funga, Zaina! Mia nne wako nyuma yako!" Naye akafunga, akaanguka palepale akalia kama mama aliyefiwa. Watu walilia naye sebuleni mwao. Ila marudio yalipokuja, miaka ishirini na miwili iliyopita, amri ya Kamanda ilikuwa imekatwa, kilio kimekatwa, na lile tabasamu la kuzalisha limepachikwa badala yake.

Mkasi ulishikwa na Erasto Mihambo. Ndiye aliyecheza Kamanda Jabali, na ndiye ambaye Idhaa ya Nyanda ilimfanya mshauri wa marudio. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amemzaba kofi mpambaji wa sura mpaka sikio likatoka damu, na mchezaji mmoja tu, Kabula Lutonja, ndiye aliyethubutu kusimama mbele ya wakubwa akasema nimeona kwa macho yangu. Mihambo akafungiwa studio msimu mzima. Aliporudi, alirudi na hamu ya kukata.

Kabula Lutonja ndiye aliyecheza Daktari Zaina. Na ndiye aliyemzaa Nyanzobe.

Watu wetu tunajua sana kutazama, ila kumtenganisha mchezaji na mchezo hatukujaliwa. Hakuna aliyemrushia Kabula jiwe. Hakuna aliyemtukana. Walimnyima salamu, basi. Mwanamke mwenye mvi, mama wa watu, anakwenda sokoni Isevya, na watoto wa kuzaa mwenyewe wanampita bila shikamoo, mama zao wakiangalia pembeni kana kwamba kuna kitu cha maana ukutani. Kama hujawahi kupitwa hivyo ukiwa mtu mzima, huwezi kujua. Nyanzobe alikuwa na miaka kumi na saba yalipoanza, na tangu siku hiyo alikuwa na neno moja tu moyoni kuhusu Erasto Mihambo, nalo halikuwa zuri.

"Bado uko kwa msaliti?" Halfani Kitogo, mkuu wa marudio, aliingia na kikombe cha uji mkononi. "Achana naye. Nina habari. Bodi ya Kumbukumbu imepitisha. Tunarusha sehemu zote ishirini na sita, za kuhudhuriwa, kuanzia tarehe moja."

Siku hizi hakuna anayetazama tamthilia. Watu wanahudhuria. Unabandika kishikizo nyuma ya sikio, unafumba macho, na baada ya nusu saa hukumbuki kuwa umeonyeshwa kitu. Unakumbuka kuwa ulikuwepo. Ulisimama na mabaharia wa Zohali, ulinusa vyuma vyao, ulimpenda uliyepaswa kumpenda. Kumbukumbu inakaa kichwani bega kwa bega na zile za harusi yako na msiba wa baba yako.

"Na pindo?" Nyanzobe aliuliza kwa sauti ya mtu asiyejali.

"Moja, kama kawaida."

Pindo ndiyo ruhusa ya mhariri kugeuza jambo moja ambalo watu tayari wanalikumbuka. Moja tu kwa tamthilia nzima. Ukikunja kumbukumbu ya mtu mara moja, inalala. Ukiikunja mara mbili, inagoma. Mtu anatapika, anatokwa damu puani, asubuhi hajui tena lipi lilitokea na lipi halikutokea. Na Bodi haiulizi kama unalogeuza ni uongo au ukweli. Hata ukweli ni pindo, ikiwa watu wamekwisha kukumbuka uongo.

"Liweke popote unapotaka," alisema Halfani. "Mradi watu wahisi kitu. Wewe ndiye fundi."

Katika fomu ya Bodi, penye swali la undugu na mchezaji yeyote, Nyanzobe alikuwa ameandika hapana.

*

Kabula aliisikiliza habari ile akiwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyosha, ungo wa mchele mapajani. Alikuwa na miaka sitini na minne na mikono bado ya kidaktari, ya kutulia. Kishikizo hakuwahi kubandika. Alisema alikwisha kuwepo Zohali mara moja na ilimtosha.

"Kwa hiyo unaweza kuondoa lile tabasamu," alisema.

"Naondoa tabasamu, narudisha amri yake, narudisha kilio chako. Watakaohudhuria watakumbuka walikuona ukilia. Lile lingine watadhani waliota."

"Na yeye?"

"Yeye nani?"

"Usinifanye mtoto, Nyanzobe."

Nyanzobe aliokota kokoto moja kwenye mchele, akaitupa mlangoni. "Pindo ni moja, mama. Nikikuinua wewe, yeye anabaki Kamanda. Anabaki kupigiwa shikamoo mpaka na watoto wa chekechea. Unaona sawa?"

"Mimi sitaki chochote chake." Kabula aliuweka ungo chini. "Nataka nikienda sokoni, mtoto aniambie shikamoo, niitikie marahaba, nipite zangu. Hilo tu. Hata mara moja, basi nitatosheka."

"Utapata, mama. Nakuahidi."

Alimaanisha. Ni vizuri ijulikane kwamba siku ile alimaanisha.

*

Kuhariri tamthilia ya kuhudhuriwa kunahitaji sauti za wachezaji waliobaki hai, kwa kuwa sauti za zamani zimekauka, hazina pumzi ndani. Ndiyo maana Erasto Mihambo alikuja studio Jumatano asubuhi, miaka sabini na mitatu, suti ya kijivu, fimbo yenye kichwa cha shaba. Kwenye ukumbi wa chini wafagiaji waliacha mafagio. "Shikamoo Kamanda!" walisema kwa pamoja, na yeye akainua kiganja kama alivyokuwa akifanya mwanzoni mwa kila sehemu, anapoingia kwenye sitaha na mabaharia wote kusimama: "Marahaba, wana wa Zohali!" Watu wakacheka kwa furaha. Maneno hayo alikuwa akiyala miaka thelathini, na yalikuwa hayajamkinaisha.

Nyanzobe naye alimwamkia, maana adabu ni adabu.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi wetu? Safi sana. Nifanye niwe kijana tena."

Walifanya kazi vizuri. Kwa kweli mzee alikuwa hodari. Alisoma mistari yake mara moja moja bila kukosea. Walipofika sehemu ya kumi na tisa, Nyanzobe alimwekea karatasi yenye ile amri iliyokatwa.

"Hii nayo tuisome, mzee. Nitaihitaji."

Mihambo aliinua miwani. "'Funga, Zaina.' Enhe. Hii iliwahi kuwepo?" Alifikiri kidogo, akatabasamu. "Zaina, Zaina... Yule mwanamke aliyecheza msaliti. Alikuwa anaitwa nani vile? Jina la Kisukuma."

"Humkumbuki?"

"Mama yangu, tulikuwa wengi! Alikuwepo mmoja mrefu, na mwingine mwenye maneno mengi. Sijui huyu alikuwa yupi. Bado yu hai?"

Nyanzobe alimtazama usoni kutafuta unafiki. Angepata unafiki angefurahi, kwa sababu mnafiki anajua alichofanya. Hakupata. Mtu huyu alimzika mama yake Nyanzobe mzima mzima, akaenda zake kula chakula cha mchana, na ndani ya miaka ishirini na miwili hakuwahi hata kulikumbuka kaburi.

"Sijui," alisema. "Basi hiyo tuiache. Tusome ile ya kuingia sitahani. Ile ya salamu."

*

Picha na sauti ni kazi rahisi, mashine inafanya. Kazi ya mhariri ni mkanda wa tatu, mkanda wa hisia, nao hautengenezwi. Hisia inachumwa. Mhariri anahudhuria mwenyewe, mwili wake unahisi, mashine inachuma kilichopita kwenye damu na ulimi, kisha inakibandika anapotaka. Ili asije akanaswa na anachokichuma, anavaa kizibo, kijikofia cha mpira juu ya kishikizo, kinachomwachia nusu tu ya kinachoingia.

Pindo lake Nyanzobe lilikuwa dogo na safi. Katika sehemu zote ishirini na sita aliifuta ile salamu ya mabaharia. Kamanda Jabali anaingia sitahani, mabaharia wako palepale, kila mtu na kazi yake, na hakuna anayesema kitu. Hakuna jingine alilogeuza. Halafu akahudhuria, akamtazama Mihambo akiingia, akaacha chuki yake ya miaka yote ipande, mashine ikachuma.

Waliijaribu kwa watu watatu wa kujitolea. Mmoja alivunja kiti. Mwingine aliamka akauliza mzee yule anakaa mtaa gani.

"Ukirusha hii watamuua," alisema Halfani, amepauka. "Nyanzobe, nini hiki? Mzee wa watu!"

"Nimezidisha. Nitapunguza."

Hakutaka afe. Akifa angezikwa kwa heshima, na wangesimama wakubwa kaburini wakipokezana kipaza sauti. Alitaka aishi miaka mingi, na afya yake yote, na fimbo yake ya shaba, na apitwe. Ila chuki yake ilikuwa na moto, na moto humpa mtu umuhimu. Alichokihitaji ni ule ubaridi wa mtu anayempita mzee kama anavyopita kiti. Siku mbili alihangaika nao. Alifikiria wezi, alifikiria walevi, mwili wake ukakataa. Wote aliwaona, wote walikuwa watu.

Siku ya tatu akajua ulipo. Ulikuwepo hapohapo studio, ndani ya sehemu ya kumi na tisa, umefungwa ndani ya tabasamu la sekunde tatu. Nchi nzima ilikuwa imeuchota humo. Kilichobaki ni yeye kwenda kuuchuma.

Akiwa na kizibo hakuhisi kitu zaidi ya huruma. Akakivua.

Mara ya kwanza alihudhuria akalia, kwa kuwa alimwona mama yake kijana, mzuri, ngozi inang'aa. Mara ya tano aliona mkono ukifunga mlango, akajisemea ni kazi tu, ni mchezo. Mara ya kumi na nane aliwasikia wale sita wakigonga kwa ndani. Alijua kuwa walikuwa vijana wa studio, wakigonga ubao kisha wakaenda kunywa soda. Alijua, na bado aliwasikia. Huyu ni mama yangu, alijiambia, mimi hainishiki. Akaendelea. Alikuwa anafanya kwa ajili yake, au ndivyo alivyojiambia, ingawa kwa saa kadhaa alikuwa hajamfikiria mama hata kidogo; alikuwa akimfikiria Mihambo tu, na jinsi atakavyokuwa.

Mara ya thelathini na tisa mlango ulifungwa, tabasamu likaja, na ulimi wake ukakauka. Hakukasirika. Alimwona yule mwanamke, na macho yake yakapita juu yake yakaenda kwenye ukuta wa nyuma, ambako kulikuwa na saa. Mstari kwenye mashine ukalala sawasawa, kijani, bila hata kutetemeka. Alijiona yuko mbinguni. Akauchuma ubaridi wote, akaubandika kwa Kamanda Jabali, kila anapoingia sitahani, mara ishirini na sita.

Kisha akanywa maji vikombe viwili, akavaa kizibo.

"Na daktari je?" aliuliza Halfani alipokuja kutia sahihi. "Nilidhani utahangaika naye."

"Pindo limekwisha. Mwache kama watu wanavyomkumbuka."

*

Sehemu zote zilirushwa siku ishirini na sita mfululizo, saa kumi alasiri. Kabula aliuliza mara mbili. "Nimeshaingia?" Na Nyanzobe akajibu kwa simu, mara zote mbili, kwamba mambo haya yanakwenda polepole, mama, subiri zifike mwisho. Hakwenda nyumbani mwezi mzima. Kazi nyingi, alisema.

Siku mbili baada ya sehemu ya mwisho kulikuwa na msiba mtaa wa Cheyo, amefariki mmoja wa mafundi sauti wa zamani. Nyanzobe alimjua marehemu kidogo sana, lakini alikwenda mapema, akakaa upande wa wanawake mahali pa kuona njia.

Mihambo alifika saa tano. Alisimama kwenye mdomo wa turubai, fimbo mbele, kiganja kimekwisha kuinuka nusu. Wanaume kama hamsini walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki. Walimwona. Hakuna aliyenuna, hakuna aliyenong'ona. Waliendelea na mazungumzo yao ya mvua na tumbaku, na macho yao yakampita kwenda barabarani.

Kiganja kilishuka taratibu.

"Poleni na msiba, wanangu," alisema.

"Tumeshapoa," alisema mtu mmoja, akiwa anamtazama jirani yake.

Mjukuu wake wa kike alikuwa akigawa chai. Alimkabidhi babu yake kikombe kwa mkono mmoja, akaendelea na sinia, hakugeuka. Mzee alibaki amekishika. Nyanzobe aliona kidevu chake kikicheza. Roho ilimsuuzika, alihisi utamu ule hadi kwenye vidole vya miguu, na alipoona mama mmoja anamtazama, akajifunika kanga usoni kana kwamba analia, maana alikuwa akicheka.

Kisha Mihambo akafanya jambo ambalo Tabora nzima ingekuwa ikilisimulia kama ingekuwa inamwona. Mbele yake alikaa kijana wa miaka ishirini hivi, anachezea simu. Mzee aliinama kidogo, mwenye miaka sabini na mitatu, akasema kwa sauti ya kuomba:

"Shikamoo."

Kijana aliinua macho, akaangalia nyuma yake, akaona hakuna mwingine.

"Marahaba," alisema, akarudi kwenye simu.

*

Mihambo alikuja studio siku ya pili yake. Halfani hakuwepo. Alibisha hodi mara tatu, na hakuitikiwa, akaingia. Hakuwa na fimbo. Nyanzobe aliendelea kukaa. Hakumwamkia, na hakujua kama hakutaka au hakuweza.

"Niambie nilichokukosea," alisema Mihambo. "Nimefikiria usiku kucha. Sikujui."

"Kabula Lutonja."

Safari hii jina lilimwingia. Lilishuka polepole usoni kwake, na alipolielewa, akatafuta kiti.

"Ni mama yako."

"Sema jina lake."

"Kabula Lutonja." Alijipangusa midomo. "Alikuwa yule mrefu. Sawa. Sawa, mwanangu. Nilifanya. Nilikuwa na hasira, nikaona nimkomoe msimu mmoja tu. Sikujua kwamba watu wataendelea."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza." Alitikisa kichwa. "Lakini mimi nilifanya kwa mkasi. Mkanda wa kwanza upo hapo chini kwenye maktaba. Mtu yeyote angeweza kuushusha akasema jamani, mmeongopewa. Wewe hukuwaachia hata hilo. Mjukuu wangu leo ameambiwa anisalimie, amejaribu, akatokwa machozi, neno halitoki. Utamwonyesha mkanda gani?"

"Mama yangu naye alikuwa na wajukuu wa watu wanaompita. Sasa mko sawa."

"Hatuko sawa. Mimi niko hivi, na yeye bado yuko vilevile. Nimehudhuria zote, binti. Tabasamu lipo." Alisogeza kiti. Macho yake yalikuwa ya mchezaji wa zamani, mtu aliyeishi kwa kusoma nyuso. "Na ubaridi huu naujua. Niliwahi kuuona. Siku moja nilikuwa kwenye gari, nikawaona watu wakimpita mwanamke mmoja Isevya, nikajisemea hawa wamempitaje hivi kama hayupo. Sikujua ni yeye. Kitu kama hiki hakitengenezwi. Umekichuma wapi?"

Nyanzobe alisema ana kazi. Alisema mlango uko nyuma yake. Mzee aliinuka kwa shida, na alipofika mlangoni akageuka, si kwa hasira.

"Nenda kwenu leo," alisema. "Usingoje kesho."

*

Kabula alikuwa ametoka na kurudi. Ndilo jambo la kwanza Nyanzobe aliloliona alipofika Isevya saa nane mchana: mama alikuwa na kitenge chake cha sherehe, cha bluu na maua ya njano, na kilemba kimefungwa vizuri, na kapu lenye nyanya chache miguuni pake. Tamthilia ilikuwa imefika mwisho, na mwanawe alikuwa amemwambia asubiri mwisho. Alikuwa amevaa, akaenda sokoni kusalimiwa.

Alikuwa ameketi kibarazani. Alikuwa hajavua viatu. Nyumba za jirani zilikuwa wazi, wanawake wawili wanasuka ukili ng'ambo ya uchochoro, mtoto anafukuza kuku.

Nyanzobe alikuja na maneno yake tayari. Alikuwa ameyapanga njiani yote: atapiga magoti, ataungama, ataomba msamaha, atasema jinsi Mihambo alivyoinama mbele ya kijana wa simu, labda mama atacheka kidogo. Yote hayo yalitanguliwa na neno moja, ambalo amelisema kila siku ya maisha yake tangu ajue kusema. Alisimama mbele ya kibaraza, akafungua kinywa.

Ulimi ulikuwa mkavu.

Alijaribu tena. Alimwona mwanamke mzee wa kitenge cha bluu. Alijua ni nani. Alijua jina lake, alijua kovu lile la mkononi lilitoka wapi, alijua aliwahi kulala mgongoni pake. Na wakati akijua yote hayo, alisikia watu sita wakigonga ubao, na macho yake, bila kuyaamrisha, yakateleza juu ya uso wa mama yakaenda kutulia ukutani. Hapakuwa na saa. Palikuwa na msumari. Aliutazama ule msumari, machozi yakamtoka, na midomo ikafunguka na kujifunga bila sauti.

Kabula alimwangalia kwa muda mrefu. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiona nyuso za namna hii, na hakuhitaji kuelezwa. Aliangalia wale wanawake wa ng'ambo, walioanza kuacha ukili wao wasikilize. Akajiweka sawa, akainua kichwa, na akasema kwa sauti kubwa, ya kusikika mpaka mwisho wa uchochoro:

"Marahaba, mwanangu! Marahaba. Ingia ndani upumzike."